Hapana, Karani wa Shule Halipwi na TSC

"Bwana mhasibu, karani si ameajiriwa na serikali? Sasa sisi tunamlipia nini?" Swali hilo limeulizwa tena kwenye mkutano wa wazazi, likapigiwa makofi tena, nami nimechoka kulijibu nikiwa nimesimama. Leo nalijibu nikiwa nimekaa.

TSC, Tume ya Huduma kwa Walimu, huajiri walimu na kuwalipa walimu. Basi. Kifungu cha 237 cha Katiba ya Kenya kinawataja walimu. Karani, mhasibu, mpishi na bawabu hawamo. Hao huajiriwa na bodi ya usimamizi, na mshahara wao hutoka kwenye akaunti ya shule. Hilo halina mjadala.

Mjadala uko hapa. Serikali hutoa pesa kwa ajili ya watu hawa, ila haiwahesabu wao, inahesabu wanafunzi. Elimu ya bure ya sekondari za kutwa ilipoanza mwaka 2008, kila mwanafunzi alitengewa Sh10,265 kwa mwaka, na ndani yake kasma, yaani fungu, ya mishahara ya wasiofundisha ilikuwa Sh3,965. Mwaka 2018 mgao ukapandishwa hadi Sh22,244, angalau kwenye karatasi, lakini hesabu ni ileile: idadi ya vichwa mara kiwango. Nitatumia tarakimu za 2008 kwa sababu wahasibu wa rika langu wanazijua kama namba zao za simu.

Shule ya wanafunzi 1,000 ilitengewa Sh3,965,000 za mishahara. Ya wanafunzi 150 ilitengewa Sh594,750, yaani Sh49,500 na ushee kwa mwezi. Humo mtoe karani, mhasibu, mpishi, mtu wa maabara na mabawabu wawili, kwa maana usiku nao una wezi wake.

Mtu ataniambia shule ndogo ina kazi ndogo. Aje akae na karani wetu siku moja ya usajili wa watahiniwa. Wawe 20 au 200, lazima aingie kwenye mtandao wa KNEC, baraza la mitihani la taifa, alinganishe kila jina na cheti cha kuzaliwa, agundue "Njeri" ameandikwa "Njeli", ampigie mzazi, asubiri. Katikati ya hayo anaingia mtu aliyemaliza shule miaka ya tisini, kapoteza cheti cha kumaliza, na rejista kuukuu sharti zishushwe kutoka juu ya kabati. Kisha kuna mwanafunzi ambaye hana cheti cha kuzaliwa, kwa hiyo NEMIS, mfumo wa serikali wa kusajili wanafunzi, haikumtambua, kwa hiyo hakuletewa mgao. Yuko darasani, anakula, anatumia choo. Anayemhangaikia aingie kwenye hesabu ni nani? Karani, yuleyule ambaye mshahara wake unategemea hesabu hiyo.

Shule za msingi sizigusi sana, ni huzuni tupu. Mwaka 2003 mgao ulikuwa Sh1,020 kwa mtoto, na humo Sh112 tu zilikuwa za mishahara ya wafanyakazi wasio walimu. Watoto 300 walileta Sh2,800 kwa mwezi. Ukiona naibu wa mwalimu mkuu anachapa mitihani mwenyewe, usidhani anapenda kompyuta.

Halafu kuna jambo ambalo wazazi hawalioni na wakaguzi hujifanya hawalioni: mgao umepangwa kuja asilimia 50 muhula wa kwanza, 30 wa pili, 20 wa tatu. Mshahara haujui mihula. Novemba ni sawa na Februari. Kwa hiyo shule lazima iweke akiba sehemu ya pesa za mwanzo wa mwaka, na mtu akichungulia salio la benki mwezi Machi anasema tumekalia mamilioni. Pesa zikichelewa, hakuna cha kuweka, na Oktoba karani anafanya kazi kwa imani.

Kinachonikera kuliko vyote ni walimu wa bodi. TSC isipoleta mwalimu wa Fizikia, masomo hayasimami. Bodi inaajiri wa kwake, na mara nyingi analipwa kutoka kasma ileile ya wasiofundisha. Siwalaumu vijana hao, nao wanalipwa kiduchu. Ila pengo la walimu limezibwa kwa mshahara wa karani, na mkutanoni anayeulizwa ni mimi. Ongeza mchango wa mwajiri kwa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, na asilimia 1.5 ya mshahara kwa tozo ya nyumba za bei nafuu. Kanuni ya vichwa haikuwahi kusikia habari za malipo hayo.

Wenzangu wengi wanataka serikali iwalipe wafanyakazi hawa moja kwa moja, kama walimu. Sina hakika. Karani akishaingia kwenye orodha ya taifa atahamishwa kama walimu, na anayejua rejista ya miaka ya tisini iko kabati gani ataondoka nayo kichwani. Ningependelea kila shule ipewe kiwango cha chini kisichotegemea vichwa, cha karani na mhasibu, kisha vichwa viongezewe juu yake. Lakini hapo nami najikwaa: tutakuwa tunalipa ofisi kamili kwa kila shule ya watoto 80, hata zile zilizoachana kilomita mbili. Labda shule mbili zigawane mhasibu mmoja. Basi hesabu zisipolingana, ni mwalimu mkuu yupi atakayetia saini?