"Tuko mbali na bahari": kwa wanaotafuta shamba North Carolina

Msimu wa vimbunga ukikaribia, ujumbe ni uleule, unabadilika mtumaji tu. Wa wiki hii ulikuja na picha za ghala jekundu la mbao na banda la kuku lililo tayari. "Kaka, tumepata ekari tano, kisima kipo, na ni saa mbili kutoka baharini. Mambo ya kimbunga tumeshayakwepa."

Hamjayakwepa. Mmebadilisha njia mtakayokutana nayo tu.

Mimi ni mkaguzi wa nyumba mashariki mwa North Carolina, Marekani. Natambaa uvunguni, napanda kwenye paa, kisha namwandikia mnunuzi ripoti ndefu ambayo ataisoma ukurasa wa kwanza na kuangalia picha. Wateja wangu wengi ni watu wa kwetu, na ndoto yao naielewa sana. Mtu aliyekua akichuma mchicha nyuma ya jikoni hawezi kukaa ghorofani Raleigh au Charlotte mwaka nenda mwaka rudi bila kuanza kuulizia bei ya mbuzi. Sina neno na mbuzi. Ninachogombana nacho ni hiyo "mbali na bahari".

Nadhani tunaikosea kwa sababu wengi tumezaliwa jirani na ikweta, na huko vimbunga havipendi kuzaliwa. Vipo, lakini ni vya nadra kiasi kwamba tunavikumbuka kimoja kimoja: kile cha Aprili 1872 kilichofyeka mikarafuu ya Unguja, au Hidaya aliyetua Mafia Mei 2024. Basi akilini kimbunga kinabaki kuwa upepo wa baharini unaong'oa minazi, ukiupa kisogo umepona. Na vyombo vya habari vya Marekani havisaidii, maana vinatangaza daraja: la kwanza, la tatu, la tano. Daraja hilo linapima kasi ya upepo, basi. Halisemi neno kuhusu mvua.

Chukua kimbunga Florence, Septemba 2018. Kilipotua karibu na Wrightsville Beach kilikuwa kimeshushwa hadi daraja la kwanza, na kuna watu waliofungua mabegi waliyokuwa wamefunga. Kisha kikapunguza mwendo, kikawa kinasogea kama mtu anayetembea kwa miguu, huku kinamwaga. Elizabethtown, mji wa bara ambao ni kama saa moja kwa gari kutoka pwani ya Wilmington, ulipata mvua ya inchi 35.93. Hiyo ni zaidi ya milimita 900. Ipigie hesabu juu ya ekari moja: lita milioni tatu na laki sita na zaidi. Wewe unataka ekari tano, tena tambarare, kwa sababu kwenye tambarare trekta dogo linapita vizuri.

Jambo linalowashangaza wageni ni kwamba maji makubwa yanakuja jua likiwaka. Mvua imekata, anga ni ya bluu, mtu ameanza kuokota matawi uani, na mto unaendelea kupanda kwa siku kadhaa kwa sababu maji ya juu bado yako njiani. Ukanda huu wa pwani hauna mteremko wa kuyafukuza. Yanatambaa kupitia vinamasi na mitaro ya mashamba, yakifika kwenye kalavati yanasubiri zamu.

"Basi tutapanda milimani," wanasema. Muulizeni mtu wa Asheville, mji wa milimani wa jimbo hili. Helene ilitua Florida, upande wa Big Bend, tarehe 26 Septemba 2024, na kesho yake ilikuwa inaua watu kwenye milima ya North Carolina, mamia ya kilomita kutoka bahari yoyote. Mlimani maji hayakusubiri kwa adabu kama kwetu. Yalishuka na udongo, mawe na nyumba za watu. Maji salama ya bomba Asheville yalirudi tarehe 18 Novemba. Na wenye mashamba waligundua kitu ambacho dalali hakitaji: kadaraja kale kazuri kanakovuka kijito kuelekea kwenu ni kako. Si ka serikali. Kakiondoka, uko kisiwani na mbuzi wako, na gharama ya kukarudisha inaanzia mfukoni mwako.

Sasa nifike kwenye kinachonikera hasa, maana hayo mengine mtu anaelewa nikimweleza mara moja. Ni ile sentensi: "Ramani inaonyesha tuko Zone X, hatumo kwenye eneo la mafuriko."

Ramani ya FEMA, shirika la serikali ya Marekani linaloshughulikia maafa, haisemi hivyo. Inasema umo nje ya eneo ambalo, kwa makadirio yao, lina uwezekano wa asilimia 1 wa kufurika kila mwaka. Hapo kuna mambo manne, na kila moja lina mzigo wake.

Asilimia 1 kila mwaka, kwa mkopo wa nyumba wa miaka 30, inakuwa kama asilimia 26. Ni kama mtu mmoja kati ya wanne. Watu wameizoea kwa jina la "mafuriko ya miaka mia", wakafanya na hesabu ya zamu: yalikuja juzi, basi wajukuu ndio watakaoyaona tena. Watu wa mji wa Lumberton walipigwa na kimbunga Matthew 2016, wakapigwa na Florence 2018. Princeville, mji ulioanzishwa na watu weusi waliotoka utumwani na kupewa hati yake 1885, ulizamishwa na kimbunga Floyd 1999 na tena na Matthew. Mto hauna kalenda ya zamu.

Pili, Zone X ziko mbili. Iliyotiwa kivuli kwenye ramani iko kati ya asilimia 1 na asilimia 0.2 kwa mwaka, na isiyo na kivuli iko chini ya hapo. Dalali anazisoma zote kwa sauti moja. Tatu, ramani hizi zimechorwa kwa kufuata mito na pwani. Kijito kinachokusanya maji ya eneo dogo, tuseme chini ya maili moja ya mraba, mara nyingi hakikupimwa kabisa, na mashamba yanayouzwa yana kijito cha namna hiyo karibu kila mara, tena kimetajwa kwenye tangazo kama pambo. Mvua inayotuama uani kwako kwa sababu mtaro wa jirani umeziba, ramani haiijui.

Nne ni hili ambalo hata sisi wa kazi tunalikwepa tukiwa mbele ya mteja: asilimia zenyewe zinayumba. Makadirio ya mvua kubwa yanayotumika hapa kupimia mitaro na kalavati yametoka kwenye chapisho la 2004 la NOAA, shirika la serikali la hali ya hewa na bahari, kabla ya Matthew, kabla ya Florence, kabla ya Helene. Mapya yanaandaliwa. Hivyo nikikuandikia "asilimia 1" kwenye ripoti nakuandikia namba ninayoiamini nusu, na ningekuwa mwongo nikikuambia najua nusu nyingine iko wapi.

Ninachokiamini zaidi ni matope. Nenda shambani siku moja baada ya mvua kubwa, si Jumamosi ya jua aliyoichagua dalali. Tazama mstari wa uchafu kwenye mashina ya miti na nguzo za uzio. Ingia uvunguni, angalia kama misumari ina kutu ya usawa mmoja. Muulize jirani mzee barabara ilifungwa siku ngapi wakati wa Florence. Barabara, si nyumba! Nimekagua nyumba kavu kabisa, iliyoinuliwa vizuri, ambayo njia yake ya pekee inapita juu ya kalavati moja lililooza.

Paa nitapita haraka: vikanda vya chuma vinavyofunga kenchi kwenye ukuta, mlango wa gereji uliopimwa kwa upepo, msonobari usioegemea chumba cha watoto. Nyumba za kiwandani, zile zinazoletwa kwa lori, tazama kibandiko kinasema zimejengwa kwa eneo gani la upepo. Zilizotengenezwa kabla ya Julai 1994 hazikujengwa kwa masharti yaliyokuja baada ya kimbunga Andrew, na sitanii ninaposema usilale humo usiku wa kimbunga.

Kisima hakina maana bila umeme wa pampu, na mashambani umeme unarudi mwisho. Mafuriko yakikifunika, usinywe mpaka kitiwe klorini na maji yapimwe. Hasa ukiwa kaunti za Duplin au Sampson, kwenye mabwawa ya kinyesi cha nguruwe; Florence ilipopita mengine yalifurika. Jenereta ikae nje, mita 6 au zaidi kutoka nyumbani. Barazani hapatoshi, gereji iliyofunguliwa mlango haitoshi. Moshi wake unaua familia nzima usingizini baada ya kimbunga kuondoka.

Kuhusu mifugo, sina jibu safi, na wataalamu wenyewe hawakubaliani kwa kila shamba. Ukiifungia bandani inaweza kuzama au kuangukiwa. Ukiifungulia inaweza kuishia barabarani. Florence iliua kuku na bata mzinga zaidi ya milioni 3 na nguruwe wapatao 5,500 katika jimbo hili, wengi wakiwa ndani ya mabanda. Mimi huelekea upande wa kuwahamishia mbuzi kwenye malisho ya juu, mbali na miti na nyaya. Lakini kama shamba lako halina sehemu ya juu, ushauri wangu umeisha hapo.

Mwisho ni bima. Bima ya kawaida ya nyumba hailipi mafuriko, hili naomba nisilirudie. Ya serikali, NFIP, inalipa jengo la kuishi hadi dola 250,000. Sasa soma isivyolipa: kisima, septiki, uzio, mifugo. Yaani inalinda nyumba na kuliacha shamba, na wewe shamba ndilo ulilolifuata. Ghala kubwa linataka bima yake.

Tena kwa kawaida huanza kufanya kazi siku 30 baada ya kuichukua, isipokuwa unapoichukua wakati wa kusaini mkopo wa nyumba. Wengi wetu tunachanga na ndugu tunalipa taslimu, kwa hiyo nafuu hiyo haituhusu. Msimu unafunguliwa tarehe 1 Juni. Wale wa ghala jekundu wanataka kukabidhiwa funguo mwezi Agosti, na mpaka naandika hapa hakuna aliyepiga simu kwa wakala wa bima.