Kurasimisha si kupewa hati

Wiki iliyopita, kwenye kikao cha mtaa, mzee mmoja alisimama akasema, "Mimi nyumba yangu imesharasimishwa, karatasi hii hapa." Ilikuwa leseni ya makazi, imekunjwa mara nne, na muda wake umeshakwisha. Watu wakampongeza kana kwamba ameshika hati. Si mara ya kwanza kulisikia neno hili likitumiwa hivyo.

Kwa kifupi, urasimishaji wa makazi ni kuutambua mtaa uliojengwa bila mpango, kuupanga na kuupima, ili wenye nyumba waweze kumilikishwa palepale walipo. Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya 1999 inautambua. Basi.

Sasa neno lenyewe. Rasmi na rasimu ni ndugu, yametoka kwenye rasm ya Kiarabu, yaani mchoro. Rasimu ya katiba ilikuwa mchoro wa katiba, haikuwa katiba. Na kurasimisha mtaa huanza hivyohivyo, kwa mchoro. Mtu wa mipangomiji anachora, wakazi wanakubaliana njia ipite wapi (hapa ndipo majirani hununiana, maana hatua mbili za barabara ni choo cha mtu), ndipo mpimaji anakuja kupanda bikoni, yaani alama za mipaka ya viwanja. Umilikishaji unafuata baadaye, na una maombi yake na malipo yake. Leseni ya makazi nayo ni kitu kingine kabisa: ni ruhusa ya miaka michache, wakati hati hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99.

Mkanganyiko huu, kwa maoni yangu, tuliletewa na wataalamu. Hernando de Soto, mchumi wa Peru, alifundisha kwamba nyumba za maskini ni mtaji mfu: wape hati, benki zitawakopesha. Serikali ya Rais Mkapa ilimsikiliza, na mwaka 2004 ikazaliwa MKURABITA, Mpango wa Kurasimisha Rasilimali na Biashara za Wanyonge Tanzania. Tangu hapo mtu akisikia kurasimisha anasikia hati, na akisikia hati anasikia mkopo. Huko Peru kwenyewe ziligawiwa hati zaidi ya milioni moja, na benki binafsi hazikukimbilia kukopesha. Benki hutazama kipato kwanza. Walichopata watu ni kulala bila hofu ya kufukuzwa, jambo kubwa ambalo ahadi ya mkopo imelifunika.

Kikao kilipokwisha nilimfuata yule mzee nje. Nikamwamkia, tukakaa kwenye benchi, nikaifungua karatasi yake taratibu kwenye mikunjo. "Mzee wangu, mtaa wetu ndio uko kwenye urasimishaji. Mchoro umepita, bikoni bado. Hii ni leseni, twende tukaihuishe. Hati tutaiomba upimaji ukishaidhinishwa."