Je, wajua kwa nini muguka uliotafunwa jana jioni unaweza kumfungia mwanariadha wa chuo miaka miwili?

Swali hili niliulizwa ufukweni Pirates, kule Bamburi, Mombasa, jioni moja maji yakiwa yamekupwa na mchanga umeshikana. Nilikuwa na vijana wachache wa chuo ninaowasimamia mazoezi, nimetoka kuwaeleza habari za pufya, yaani dawa zilizokatazwa michezoni: sindano za kuongeza damu, homoni, mambo wanayoyasikia kwenye taarifa za wanariadha wakubwa. Walinisikiliza kwa adabu tu. Halafu mmoja wao, mkimbiaji wa mita 800, akauliza polepole, "Kocha, na muguka je?" Wenzake wakaangua kicheko. Nikawanyamazisha, maana katika yote tuliyozungumza siku ile, hilo ndilo lililowahusu hasa.

Jibu ni ndiyo. Muguka unaweza kumfungia, na miraa vilevile, kwa kuwa ni mmea mmoja. Sababu imo ndani ya jani lenyewe.

Jani bichi lina kemikali iitwayo kathinoni. Umbile lake linakaribiana sana na amfetamini, na kazi yake ni ileile: huusukuma ubongo umwage dopamini, moyo ukaenda mbio, njaa ikakatika, usingizi ukapaa. Lakini kathinoni haidumu. Jani likianza kunyauka, hugeuka kuwa kathini, ambayo nguvu yake ni ndogo zaidi. Ndiyo maana zile pikapu hukimbizwa vile kutoka Embu na Meru, miraa ikaviringwa kwa majani ya mgomba, na muuzaji wa muguka akafunika mzigo wake kwa gunia lililoloweshwa maji. Mnunuzi naye anajua. Hushika jani kwa vidole viwili, akalikunja aone kama bado ni laini, ndipo akatoa pesa, akaongeza na jojo na njugu za kupunguza uchungu.

Maabara haijali kama jani lilikuwa bichi au limenyauka. Kathinoni na kathini zote zimo kwenye orodha ya Shirika la Kupambana na Pufya Duniani, WADA, katika kundi la vichangamshi. Tofauti ni kwamba kathini imewekewa kizingiti: ikizidi mikrogramu 5 katika kila mililita ya mkojo, ni kosa. Kizingiti hicho kina maana yake, kwa kuwa kathini hutokea pia mwili unapovunjavunja pseudoefedrini, dawa iliyomo kwenye baadhi ya vidonge vya mafua. Kathinoni haikupewa nafasi kama hiyo.

Kijana wangu akanijibu upesi: "Lakini kocha, si mimi hutafuna jioni tu, barazani. Siku ya mbio sigusi." Hapa ndipo wengi wanapopotea. Vichangamshi hivi vimekatazwa wakati wa mashindano pekee, ni kweli, ila tuangalie wakati huo unaanza lini. Kwa kanuni ya WADA, isipokuwa pale mchezo fulani ulipokubaliwa muda wake, unaanza saa tano na dakika 59 usiku wa kuamkia siku ya mashindano, na unaendelea hadi shindano limalizike na sampuli zichukuliwe. Tena kinachopimwa ni kilichomo kwenye mkojo saa ile ya kupimwa. Hakuna anayekuuliza ulitafuna saa ngapi. Mtu akitafuna tangu alasiri hadi saa nne usiku, kisha akakimbia saa mbili asubuhi, figo zake bado zina kazi ya jana. Bangi ni mbaya zaidi kwa hesabu hii: kiini chake hujificha kwenye mafuta ya mwili, na kwa mvutaji wa kila siku kinaweza kuonekana kwenye mkojo wiki kadhaa baadaye.

"Na mbona muguka ni halali?" akauliza mwingine. Swali zuri. Miraa ni zao linalotambuliwa kisheria Kenya. Mei 2024 serikali ya Kaunti ya Mombasa ilitangaza marufuku ya muguka, na mara moja jambo likafika mahakamani. Mvutano huo una uzito wake, lakini haumgusi mpimaji. Tanzania miraa ni haramu, Uingereza iliipiga marufuku mwaka 2014, na orodha ya WADA ni moja kote. Kitu huweza kuingizwa humo kikitimiza mambo mawili kati ya matatu: kinaweza kuongeza uwezo, kinahatarisha afya, kinakiuka moyo wa michezo. Hakuna anayelazimika kuthibitisha kwamba wewe, siku ile, kilikusaidia kukimbia. Na mimi nasema wazi kwamba muguka haumjengi mkimbiaji. Anayekesha akitafuna, bila kula, bila kulala, mdomo umemkauka, anafika uwanjani akiwa na handas, ule mlevyo wa majani, na si miguu.

Linalonitia hofu kuliko adhabu ni joto. Kichangamshi hupandisha joto la mwili, huku kikificha ule uchovu ambao kazi yake ni kukuambia simama. Julai 13, 1967, mwendesha baiskeli Mwingereza Tom Simpson alianguka akipanda mlima Mont Ventoux kwenye Tour de France, siku ya jua kali, amfetamini ikiwa mwilini. Alikufa akiwa na miaka 29. Mwaka uliofuata Olimpiki zikaanza kupima. Sasa fikiria jua letu na unyevu wetu. Machi 2007 mbio za nyika za dunia zilipofanyika hapa Mombasa, kwenye uwanja wa gofu, Kenenisa Bekele, bingwa wa mbio ndefu mara tano mfululizo, alijitoa njiani. Kama joto la Mombasa lilimshinda Bekele, kijana aliyejizimia kengele ya uchovu kwa majani atapona vipi?

Kupimwa kwenyewe nako huwatisha vijana kwa sababu hakuna anayewasimulia. Ukimaliza mbio, mtu mwenye kitambulisho anakujia, anakujulisha kwamba umechaguliwa, na kuanzia hapo huachwi peke yako. Unajichagulia kikombe kilichofungwa. Chooni anaingia nawe mtu wa jinsia yako, shati linapandishwa hadi kifuani, suruali inashushwa hadi mapajani, mikono ya shati inakunjwa, naye anaangalia mkojo ukitoka. Ni fedheha, sikatai. Lakini wapo waliowahi kuficha mkojo wa mtu mwingine ndani ya nguo, na asiye na kosa analindwa na jicho hilohilo. Zinatakiwa mililita 90 au zaidi, chini ya nusu ya kikombe cha chai. Unamimina mwenyewe kwenye chupa mbili, A na B. Kizibo kina meno. Ukikikaza kinalia tik, tik, tik, na baada ya hapo hakifunguki bila kuvunjwa. Maabara hupelekewa namba, jina haliendi. A ikipatikana na kitu, una haki ya kudai B ifunguliwe. Sampuli inaweza kuhifadhiwa hadi miaka kumi na kupimwa upya.

Kuna fomu pia, inayokuuliza dawa na virutubisho ulivyotumia siku saba zilizopita. Andika kila kitu, hata cha chemisti.

Adhabu ya kathini au kathinoni huanzia miaka miwili kama haikuthibitishwa kwamba ulikusudia, na inaweza kufika minne ukikusudia. Hupungua ukionyesha kwamba uzembe wako ulikuwa mdogo. Kukataa kupimwa bila sababu ya kukubalika kunaweza pia kukuletea minne. Miaka miwili kwa mtu wa chuo ni nusu ya shahada ya miaka minne. Na "sikujua" haikuondolei kosa, kwa sababu mwanariadha anawajibika kwa chochote kilichomo mwilini mwake. Andreea Răducan wa Romania alikuwa na miaka 16 alipovuliwa dhahabu ya Olimpiki ya Sydney mwaka 2000 kwa kidonge cha mafua chenye pseudoefedrini alichopewa na daktari wa timu. Pseudoefedrini hadi leo ina kikomo chake, mikrogramu 150 kwa mililita, na ushauri ni kuiacha saa 24 kabla ya mashindano. Tramadol nayo, dawa ya maumivu, imekatazwa wakati wa mashindano tangu Januari 1, 2024.

Kwa hiyo naona elimu ya pufya vyuoni kwetu inaanzia pasipofaa. Tunawaonyesha vijana picha za sindano ambazo wengi wao hawatazishika maishani, ilhali kibanda cha muguka kiko hatua chache kutoka getini. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2016 na shirika lake, ADAK, ambalo kazi zake ni pamoja na kuelimisha. Kocha au katibu wa michezo wa chuo anaweza kuliita. Likija, mtu asione haya kuinua mkono na kuuliza kuhusu kitu anachotafuna.

Jua lilikuwa linazama tulipokuwa tunafunga viatu kurudi. Yule wa mita 800 akaniuliza la mwisho: "Kahawa je, nayo?" Nikamwambia kahawa ya dele anywe na kashata yake. Kafeini iliondolewa kwenye orodha Januari 2004, na WADA sasa huifuatilia tu. Lakini akipata ufadhili wa kukimbilia chuo Marekani, atakuta NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo huko na kinachopima tangu 1986, kina orodha yake chenyewe, na humo kafeini ikizidi mikrogramu 15 kwa mililita ni kosa. NCAA huwaambia wanafunzi kwamba kiwango hicho hufikiwa kwa takriban miligramu 500, sawa na vikombe sita hadi nane vya kahawa, saa mbili tatu kabla ya shindano. Akahesabu kwa vidole vikombe vya mzee wa kahawa wa mtaani kwao, vile vidogo visivyo na mkono, akasema hajawahi kupita vitatu.