Nani anakaa kwenye ndoo? Mike Martin na benchi lake la ufundi

Kazi yangu ya kwanza kwenye besiboli ilikuwa kukaa karibu na ndoo. Ndoo ya plastiki ya kuwekea mipira, kifuniko chake kimeshonewa sponji ili mtu aweze kukalia saa tatu bila kuumia. Ukitazama mechi za vyuo vya Marekani utaiona mara nyingi, imewekwa pale mbele ya kibanda cha wachezaji, na anayeikalia ni kocha wa warushaji, wale wanaomrushia mpigaji mpira. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa kigeni kwenye chuo kidogo, nimechuchumaa pembeni yake na kalamu mbili, moja ya akiba. Najaza karatasi: mpira wa aina gani, umepita wapi, mpigaji kafanya nini. Mechi moja timu hurusha mipira 130 au 150, na siku mambo yakiharibika huvuka 200. Usiku nikifumba macho naona vijiduara.

Sasa nafundisha vijana kurusha hapa Dar es Salaam, na kila mzazi anayekuja kutazama mazoezi huuliza swali moja: kwa nini besiboli ina makocha wengi hivi, tena wazee wazima wamevaa jezi kama wachezaji? Nimeahidi mara nyingi kuliandikia, leo nalipa deni. Nitalieleza kupitia kwa mtu mmoja, marehemu Mike Martin wa chuo cha Florida State, kwa sababu ukimwelewa yeye umelielewa benchi zima.

Namba zake kwanza. Martin alikuwa kocha mkuu wa chuo hicho, kilichopo Tallahassee, kuanzia 1980 hadi 2019. Misimu 40. Alishinda mechi 2,029, rekodi ya besiboli ya vyuo. Kila msimu katika hiyo 40 alishinda mechi zisizopungua 40, na kila msimu timu yake iliingia kwenye mashindano ya taifa. Hebu fikiria kocha wa Ligi Kuu yetu anayedumu misimu 40. Kwetu kocha akitoa sare mbili mfululizo, mashabiki wanaanza kumtafutia tiketi ya ndege.

Watu wakizitaja namba hizo husema "rekodi ya Martin", nami nakubali, maana sahihi ni yake. Ila kwenye besiboli kocha mkuu peke yake hawezi hata kumaliza iningi moja. (Iningi ni zamu: kila timu inapiga zamu 9 katika mechi ya kawaida.) Timu yako ikiwa inapiga, kuna kocha anasimama karibu na besi ya kwanza na mwingine karibu na besi ya tatu, wote wako ndani ya uwanja, ndiyo maana wamevaa jezi. (Besi ni vituo vinne anavyovizunguka mkimbiaji; cha nne huitwa nyumbani, na akikifikia timu inapata pointi.) Yule wa besi ya tatu ndiye anayevuna lawama. Mkimbiaji anakuja mbio, mgongo ameupa mpira, haoni kitu. Anamwangalia kocha tu. Kocha akizungusha mkono, anaendelea hadi nyumbani. Akiinua viganja, anasimama. Uamuzi huo unafanywa ndani ya sekunde moja, na ukikosewa uwanja mzima umeuona.

Timu ikiwa inalinda, kazi inahamia kwenye ndoo. Kwenye vyuo vingi mrushaji haamui mwenyewe arushe nini, wala mdakaji, anayeipokea mipira hiyo nyuma ya mpigaji, haamui. Kocha wa warushaji anatazama karatasi yake, anaonyesha tarakimu tatu kwa vidole, mdakaji anasoma kwenye kadi aliyoifunga mkononi. Tuseme 2-4-1: anatafuta safu, anatafuta mstari, anakuta "mpira wa kupinda, chini, nje". Anamwashiria mrushaji, naye anarusha. Miaka ya karibuni wameruhusiwa vifaa vya kielektroniki na vidole vinapumzika, lakini enzi zangu ilikuwa kadi, na kadi zilibadilishwa kila mara ili wapinzani wasikariri.

Kadi hizo ndizo zilizoniponza. Siku moja nilitoa kadi mpya, nikampa kocha ya kwake, nikamsahau mdakaji. Yeye bado ana ya jana. Kocha anaita mpira wa kupinda chini, mdakaji anasoma mpira wa kasi katikati. Mipira miwili ya kwanza tukapona kwa bahati. Wa tatu mpigaji aliutandika ukapita juu ya miti ya maegesho, sina hakika kama uliwahi kuokotwa. Baada ya mechi kocha mkuu akauliza kadi zilikuwa chini ya nani. Kocha wa warushaji akajibu bila hata kugeuza shingo: "Mimi." Akaendelea kukunja karatasi zake. Hakunitazama, na hajawahi kulizungumza tena. Sijui kama wanafunzi wangu wanaelewa kwa nini leo nahesabu kadi mara tatu.

Turudi Tallahassee. Martin mwenyewe alipitia kila ngazi. Alicheza Florida State katikati ya miaka ya 1960 na akafika nayo 1965 Omaha, mji zinakochezwa fainali za vyuo, akafundisha mpira wa kikapu kwenye chuo cha jamii cha mji huohuo, halafu akawa msaidizi wa besiboli katika Florida State kuanzia 1975, chini ya Woody Woodward na baadaye Dick Howser. Howser alikaa msimu mmoja tu, wa 1979, akaondoka kwenda kuifundisha New York Yankees. Msaidizi akakabidhiwa timu. Kwa hiyo alijua fika maana ya kubeba mikoba ya mtu mwingine.

Kwenye ndoo yake, kwa zaidi ya miaka 20, alikaa Jamey Shouppe. Jina hilo wengi hawalijui, na hapa ndipo ningependa msomaji akae kidogo.

Mwaka 2006 alikuja chuoni hapo kijana wa Georgia anaitwa Buster Posey. Msimu wa kwanza alicheza nafasi ya mlinzi kati ya besi ya pili na ya tatu, nafasi ya watu wepesi na wenye sifa; kwenye timu za mtaani kila mtoto anaitaka. Kisha Shouppe akapendekeza kijana ahamishwe awe mdakaji. Mdakaji, kwa asiyejua, ni yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji mechi nzima na barakoa ya chuma usoni, anapigwa na mipira mapajani, kwenye vidole na kooni. Kumwambia mlinzi wako bora akachuchumae huko ni kama kumtoa winga nyota na kumpa glovu za golikipa. Lakini fikiri pendekezo lilitoka kwa nani. Kocha wa warushaji ndiye anayefanya kazi na mdakaji kila mpira, kila siku. Ndiye anayejua mdakaji mwenye akili ana thamani gani.

Martin angeweza kusema hapana. Timu ni yake na mzazi atamfuata yeye. Alikubali. Msimu wa 2008 Posey alipiga kwa wastani wa .463 (yaani mapigo 463 yaliyofanikiwa kwa kila majaribio 1,000) na homurani 26 (mipira iliyopigwa ikavuka uzio), akachukua Golden Spikes, tuzo kubwa kuliko zote za wachezaji wa vyuo. Mwezi Mei mwaka huo, dhidi ya Savannah State, walimchezesha nafasi zote 9 ndani ya mechi moja. Alipopanda kurusha aliwakabili wapigaji wawili, akawatoa wote kwa straiki tatu tatu (straiki tatu na mpigaji anatoka), na siku hiyohiyo akapiga homurani besi zote zikiwa zimejaa. Baadaye, akiwa na San Francisco Giants, alibeba ubingwa wa Marekani 2010, 2012 na 2014, akiwa mdakaji. Msaidizi mmoja alisema neno, mkuu akalisikiliza.

Si Florida State tu wenye hadithi za wasaidizi. Wapinzani wao wa kusini, Miami, walikuwa na Skip Bertman, msaidizi wa Ron Fraser. Juni 1982, kule Omaha, walikuwa wanacheza na Wichita State, timu yenye Phil Stephenson, mwizi wa besi (mkimbiaji anayechomoka kwenda besi inayofuata bila kungoja mpira upigwe) ambaye msimu huo alikuwa ameshaiba zaidi ya 80. Stephenson yuko besi ya kwanza. Mrushaji wa Miami, Mike Kasprzak, anageuka kama anarusha kwenda besi ya kwanza. Mlinzi anajirusha chini, wenzake wanakimbia kuufuata mpira, wachezaji wa akiba wananyanyuka kuupisha, mpaka wasichana wa kuokota magongo wanasonta pembeni. Stephenson anachomoka kwenda besi ya pili. Mpira haujaenda kokote, uko kwenye glovu ya Kasprzak. Anaurusha besi ya pili taratibu, Stephenson ametolewa. Mchezo huo uliletwa mazoezini na Bertman. Miami walishinda 4-3 na mwishowe wakachukua kombe. Mimi hucheka peke yangu kila nikiutazama. Bertman naye akapewa timu ya chuo cha Louisiana State, kuanzia msimu wa 1984, akatwaa mataji matano.

Sasa fedha, maana bila fedha hatujaeleza kitu. Kwa miaka mingi sheria za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, ziliruhusu kocha mkuu, wasaidizi wawili wa mshahara, na mmoja wa kujitolea. Wa kujitolea kweli: chuo hakikuruhusiwa kumlipa mshahara. Alifanya kazi saa zilezile, alisafiri na timu, alifundisha wapigaji au wadakaji, na kipato chake kilitokana na kambi za watoto wakati wa likizo. Nimewaona watu wazima wenye familia wakiishi hivyo miaka mitano, sita, wakingoja kiti kimoja kiwe wazi. Mwaka 2019 vyuo vilipiga kura kuhusu kumlipa msaidizi wa tatu, pendekezo likaanguka. Baadaye mambo yakafika mahakamani, na nafasi hiyo ya kujitolea ikafutwa kuanzia Julai 2023. Maoni yangu: ilichelewa mno, na wengi waliovumilia hawakufaidi.

Msaidizi mwingine hupewa usajili. Huyu alikuwa mwanahesabu kuliko kocha. Timu ya wanaume ya besiboli ilikuwa na ufadhili wa masomo 11.7 tu, wagawane wachezaji wasiozidi 27, kila mmoja asipate chini ya robo. Hiyo pointi saba ilinichekesha siku ya kwanza. Baadaye nikaona inavyomliza mtu. Unakwenda sebuleni kwa watu kumsifia kijana kwa saa nzima, kisha unamwambia baba yake kwamba robo tatu ya ada ni juu yake. Kuanzia msimu wa 2026 utaratibu umebadilika. Kikomo cha ufadhili kimeondolewa na kikosi kikawekewa mwisho wa wachezaji 34. Kwa Martin kazi ya usajili ilishikwa kwa miaka mingi na mwanawe, Mike Martin Jr., aliyekuwa mdakaji wa timu hiyohiyo kabla ya kuingia benchi. Alifundisha pia wapigaji. Ndiyo, watu walisema baba kampa mtoto. Wangesema nini kingine?

Kuna jambo moja namba za Martin hazikuweza kuliziba. Aliifikisha timu Omaha, Nebraska, kwenye fainali za vyuo, mara 17. Hakubeba kombe hata mara moja. Mara mbili alikuwa mechi moja tu nyuma ya kombe: 1986 akafungwa na Arizona 10-2, na 1999 akafungwa na Miami 6-5. Msimu wake wa mwisho, 2019, akiwa na miaka 75, timu iliingia mashindanoni kwa tabu, ikawatoa Georgia kwao, ikawatoa Louisiana State kwao, ikafika Omaha na kuifunga Arkansas 1-0. Nilikuwa macho saa za usiku wa Dar, nikaamini safari hii imeiva. Wakafungwa na Michigan 2-0, kisha Texas Tech 4-1. Akavua jezi namba 11.

Shouppe yeye alishaondoka 2013, kwenda kuwa kocha mkuu wa Florida A&M, chuo kingine cha mji huohuo wa Tallahassee. Mike Bell, aliyechukua ndoo baada yake, akaenda kuongoza Pittsburgh 2018. Hivyo ndivyo benchi zuri linavyoliwa: kila ukifanikiwa wanakuja kukuchukulia watu, na kocha mwenye akili anawapigia simu ya kuwaombea kazi. Mwana wa Martin alirithi timu kwa msimu wa 2020, akaondolewa 2022. Nafasi ikapewa Link Jarrett, ambaye miaka ya 1990 alikuwa mlinzi wa kati wa Mzee Martin, nafasi ileile aliyoanzia Posey.

Martin alifariki tarehe 1 Februari 2024, siku 11 kabla ya kutimiza miaka 80. Msimu ukaanza wiki mbili baadaye kwenye eneo la kuchezea lenye jina lake, ndani ya uwanja wenye jina la Howser, kocha ambaye Martin aliwahi kuwa msaidizi wake. Mwezi Juni vijana wa Jarrett walikuwa Omaha. Mechi ya kwanza waliongoza, wakafungwa na Tennessee 12-11 katika iningi ya tisa. Wakawatoa Virginia, wakawatoa North Carolina, wakarudishwa kwa Tennessee haohao na kufungwa 7-2. Tennessee wakabeba kombe, na Florida State wakapanda ndege na ndoo yao.