Kipepeo bila mkia naye ni wa familia ile ile

Huku Bukavu tangu utoto tunaambiwa vipepeo wenye mkia kwenye mabawa ni familia moja, wasio na mkia ni ingine. Hapana, mkia sio alama ya familia. Angalia muti wa ndimu mu parseli: kile kiwavi cha kijani (kikiwa kidogo kinafanana mavi ya ndege) ukikigusa kinatoa nyuma ya kichwa pembe mbili laini, rangi ya machungwa, na harufu kali inakupanda mu pua. Pembe hizo njo alama, viwavi vyote vya Papilionidae (njo jina la kisayansi la familia hiyo) viko nazo. Na hicho kinakuwa Papilio demodocus, mweusi na madoa ya manjano, mkia hana kabisa! Papilio antimachus wa misitu yetu ya Kongo, mabawa yanaweza kupita sentimita 20, naye hana. Lakini Papilio dardanus njo ananifurahisha zaidi: dume ana mkia, jike wa huku bara hana, anaiga vipepeo wenye sumu ili ndege wamuache, na miaka ya 1860 Roland Trimen, mtaalamu wa wadudu, ndiye alionyesha kwamba wale waliohesabiwa aina mbalimbali kumbe ni bibi na bwana.