Mweso si kupoteza muda

Wazazi wengi hapa Kampala humkemea mtoto akiinamia ubao wa mweso, mchezo wa kete wa aina ya bao: "Acha mchezo, kafanye hesabu!" Kumbe hesabu ndiyo hiyo. Ubao una safu 4 za mashimo 8 na kete 64. Kila mchezaji ana mashimo 16. Mtoto akitaka kujua kete yake ya mwisho itaangukia wapi, lazima apige hesabu kichwani kabla hajagusa kitu. Akisambaza kete 18, moja moja kila shimo, atazunguka mashimo yake yote 16, kisha zitabaki 2. Huko ni kugawanya na kupata baki, tena bila kalamu! Hamna ubao? Chimbeni vishimo uani, okoteni vijiwe. Na kabla hajacheza, muulize: itaishia wapi?