Katika mlima wa Jingmai, chai ni mti

Anayeijua chai kwa kupita Kericho au Mufindi huona zulia la kijani linalomfikia kiunoni, na si ajabu akadhani mchai ni kichaka. Sivyo. Mchai ni mti, ila sisi huupogoa kila baada ya miaka michache ili mchumaji aufikie. Ulioachwa ukue utauona Jingmai, mlima wa jimbo la Yunnan, kusini-magharibi mwa China.

Huko watu wa makabila ya Wablang na Wadai wametunza misitu ya chai tangu karne ya 10 hivi. Nasema misitu kwa makusudi. Hawakufyeka pori wapande mistari. Walipunguza miti, wakaotesha michai chini ya kivuli cha ile iliyobaki, na mimea midogomidogo ikaachwa ijiotee chini kabisa. Miti mirefu hukinga jua kali, majani yake yakidondoka yanakuwa mbolea, na ndege na buibui waishio humo hula wadudu waharibifu. Kila shamba lina mchai mmoja unaoheshimiwa kuwa makao ya roho ya chai. Mwaka 2023 UNESCO iliiingiza Jingmai katika Urithi wa Dunia: misitu mikubwa mitano pamoja na vijiji tisa.

Upande wa Xishuangbanna, eneo jingine la Yunnan, ipo milima sita ya chai iliyovuma tangu enzi za Qing, ukoo wa mwisho wa kifalme wa China; Yiwu, Yibang na Youle ni miongoni mwake. Chai yake ilibebwa kwa nyumbu hadi mji wa Pu'er, kisha ikasafiri mpaka Tibet. Ndipo ikaitwa pu'er, kwa jina la soko, si la shamba.

Michai hii ni ya ukoo wa majani mapana, assamica, ambao ndio uliotawala mashamba yetu pia, ingawa mbegu zetu zilipitia India. Tofauti kubwa huanza baada ya kuchuma. Kiwandani kwetu jani husagwa na kuachwa ligeuke jekundu. Yunnan hukaangwa upesi kwenye karai ili lisigeuke, hufikichwa, kisha huanikwa juani. Baadaye hufukizwa kwa mvuke na kushindiliwa liwe kama chapati nene, kwa kawaida ya gramu 357, na saba hufungwa pamoja kwa maganda ya mwanzi.

Chapati hiyo mbichi huitwa sheng: ikiwa changa huuma ulimi, ikikaa miaka hulainika. Asiyetaka kusubiri hunywa shou, yaani iliyoivishwa upesi. Ili kuipata, majani hulundikwa, hunyunyiziwa maji, na vijidudu huyapasha moto kama mboji kwa wiki kadhaa. Mbinu hiyo ilikamilishwa mjini Kunming mwaka 1973, kwa hiyo shou si ya kale hata kidogo, muuzaji aseme asemavyo.

Na wauzaji husema mengi. Maandishi ya "mti wa miaka elfu" kwenye karatasi yasikufumbue pochi: umri wa mchai mkongwe hukadiriwa tu, maana shina mara nyingi lina uwazi ndani, na jani likishakauka halina cheti cha kuzaliwa. Nusa kwanza. Harufu ya udongo wa mvua ni ya kawaida kwa shou. Ya uvundo wa ukungu, rudisha. Ukishanunua, usiweke karibu na iliki wala vitunguu, kwani chai hunyonya harufu. Maji yawe yanachemka, na yale ya kwanza kumiminwa juu ya majani umwage. Maziwa yaache kwa chai yetu.